Jibu: Kebo ya mtandao ya Cat6 inasoma 100 badala ya 1000

Habari mkuu. Kwa hiyo taa zinawaka, intaneti ipo, ila kompyuta inasoma kasi ya 100 Mbps (megabiti kwa sekunde) tu. Anza na vichwa vya RJ45, yaani plagi za plastiki kwenye ncha za kebo. Kasi ya 100 inatumia pini (nyaya kwa namba zake kichwani) 1, 2, 3 na 6. Gigabiti, yaani 1000, inataka nyaya zote nane, kwa hiyo shuku kwanza 4, 5, 7 na 8. Tazama kichwa kwa mbele, kwenye mwanga: ncha zote nane za shaba zifike mwisho wa plastiki. Ukiona moja imeishia njiani, kata ubane upya, na usifumue msokoto wa jozi za nyaya zaidi ya milimita 13. Ganda la nje nalo libanwe ndani ya kichwa; nikikuta nyaya zinaning'inia nje, sipimi, nakata. Hukutaja swichi yako, kile kifaa cha mtandao kebo inakochomekwa: kama ni ya 100, kebo haina kosa.