Barua kwa mwanangu: pigeni wote chumba kimoja

Marahaba mama. Meseji yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza nikiwa hapa dukani Ngarenaro nalehemu redio ya mteja, ikabidi nizime niweke chini kwanza maana si swali la kujibu huku mkono unafanya kitu kingine. Umeniuliza kwa nini heavy metal ya zamani, ule muziki wa magitaa ya kukwaruza, inasikika nzito vile wakati wenzenu wale walikuwa na vyombo vichache kuliko nyinyi, alafu ukauliza kama mumkubalie huyo prodyusa anayetaka kila mtu arekodi peke yake na klik masikioni, ule mlio wa kuhesabia mwendo, dramu zibadilishwe ziwe za kompyuta, na gitaa lako lipite kwenye programu bila amplifaya. Na umesema hela ni zenu wenyewe, hakuna lebo, yaani kampuni ya kuwatolea muziki, mmechanga, na wenzako wawili wameshakubali.

Mi ntakujibu kama fundi redio, ndo kazi ninayoijua.

Unaikumbuka ile kanda ya dakika 90 iliyokuwa kwenye boksi la viatu? Niliipata 1986 kwa dereva mmoja Mwingereza, wa yale malori yanayopita hapa Arusha na wazungu wanaoenda kusini. Redio kaseti yake ilikuwa imekufa mkanda wa mota, nikamtengenezea, shilingi hazikumtosha akaniongezea ile kanda. Upande mmoja Black Sabbath, upande wa pili Iron Maiden, bendi za kwao Uingereza. Nilivyoiweka, nakwambia ukweli, nilijua spika imechanika. Nikafungua redio, nikapitisha kidole kwenye karatasi ya spika taratibu kuzunguka yote, nzima kabisa. Nikaweka kanda tena. Ndo nikaelewa kwamba ule mkwaruzo ndio muziki wenyewe, wameutaka uwe hivo, nikakaa pale dukani mpaka giza na mteja hata mmoja sikumhudumia.

Sasa ule uzito ulitoka wapi. Yule mpiga gitaa wa Black Sabbath, Tony Iommi, alikuwa kijana wa kiwandani Birmingham, ana miaka 17 mashine ya bati ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapigia kushoto kwahiyo huo ndo mkono wa kubonyezea nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaweka na ngozi juu ili vishike waya, akatafuta nyuzi nyembamba zisizoumiza. Baadae, albamu yao ya 1971, wakashusha tyuni nyuzi zikalegea zaidi, na kila uzi ukilegea sauti inashuka chini inakuwa nene. Yaani sauti ambayo dunia nzima inaiga saivi imeanzia kwa mtu anayetafuta namna ya kupiga bila kuumia. Na ile albamu yao ya kwanza walirekodi siku moja tu, Oktoba 1969, wamesimama wanapiga kama wako ukumbini, ikatoka Februari 1970.

Jambo la pili ni valvu. Ampu zao zilikuwa za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama kaa la moto. Ukiisukuma valvu kupita uwezo wake haikati wimbi ghafla, inalibana kileleni polepole, linakuwa la mviringo, na ndio maana distoshen yake inakwaruza lakini haichomi sikio. Transista ukiisukuma hivohivo inakata wimbi kama umekata na panga, nimeliona mwenyewe kwenye mashine ya kuonyesha mawimbi wakati nasomea ufundi. Na mkanda wa kurekodia nao ukipewa sauti kubwa unaibana kidogo tena. Programu nzuri za siku hizi zinaiga hayo, na zinaiga vizuri sikatai, kwahiyo mama wala sio programu ya gitaa inayonikosesha usingizi.

Kinachonikosesha ni hiyo klik na kila mtu peke yake. Sikiliza bendi zetu za dansi zilivyorekodi pale RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, Morogoro Jazz, Kurugenzi ya hapahapa Arusha, bendi nzima studio, maiki za kuhesabu, mmoja akikosea mnaanza upya wote. Sikiliza wapiga gitaa la solo na la rithim wanavyojibizana, mmoja anamwachia mwenzie nafasi kwa sababu anamwona anavuta pumzi. Ukienda kwa Iron Maiden au Judas Priest magitaa yao mawili yanafanya vilevile, na wimbo ukifika pale mtamu dramu zinakimbia kidogo tu, watu wote wanakimbia nazo. Klik inaua hicho. Na dramu ukizibadilisha kwa sampuli, milio iliyorekodiwa tayari, kila pigo linakuwa na uzito uleule, mkono wa huyo kijana wenu wa dramu hausikiki tena, ukitaka mkono usiosikika mlimchukua wa nini?

Kuhusu kutokuwa na lebo wala usinyong'onyee. Iron Maiden walienda studio mwisho wa 1978, hawakuwa hata na hela ya kuununua mkanda wenyewe, waliporudi wakakuta umeshafutwa, wakabaki na nakala. Kwenye hiyo nakala wakatoa nyimbo tatu 1979, sahani 5,000, wakauza kwa posta. Diamond Head, Waingereza wengine, 1980 walitoa zao wenyewe sahani 1,000, kasha jeupe tupu, na Metallica, bendi kubwa ya Marekani, wakaja kuzipiga nyimbo zao. Na usidhani ni mambo ya Ulaya tu, Botswana kuna Skinflint, wanapiga heavy metal ya mtindo wa zamani kabisa na hadithi za Kiafrika ndani, na dunia inawasikiliza.

Mi mwenyewe nina kidonda hapo. 1989 tulirekodi wimbo mmoja na jamaa zangu wawili kule Unga Limited, redio kaseti moja katikati ya chumba, na kanda ile ikaja kurekodiwa kwaya juu yake na hatukuwa na nakala. Kwahiyo hifadhini kila kitu sehemu mbili, tafadhali.

Mwambieni prodyusa anaweza akabaki na kompyuta yake, lakini mnataka kupiga wote wanne chumba kimoja, ampu zifunikwe na magodoro zisiingie sana kwenye maiki za dramu, mwimbaji ndo arudie peke yake baadae. Akikataa tafuteni mwingine. Ila kabla hamjalipa mfanye mazoezi mpaka mpige hizo nyimbo sita bila kutazamana mikono, maana namna hii haisamehi mtu asiyejiandaa, na hilo prodyusa wenu yuko sahihi kuliogopa.

Ile ampu ya valvu nliyoinunua imekufa kwenye kanisa moja nimeimaliza juzi. Nimebadilisha kapasita zote na valvu mbili. Inapanda basi la alhamisi asubuhi, nimeifunga blanketi la kijivu, mwambie kondakta wasiilaze. Ukiipata iache usiku mzima itulie. Usiiwashe kabla hujaunganisha spika hata sekunde moja, utaunguza transfoma na hiyo transfoma kuipata hapa nchini ni kazi. Alafu washa swichi ya kwanza, subiri dakika mbili uone valvu zote zinawaka, kama kuna moja nyeusi nipigie, ndo uwashe ya pili.