Re: Boxer iliyopata ajali, ninunue nitengeneze?
Mkuu, hiyo pikipiki Boxer ya ajali unayoulizia usihangaike na taa wala tenki, hivyo utavipata hapo Mwanga, Kigoma, we angalia shingo ya fremu pale usukani unapokaa, kama rangi imepasuka au bati limejikunja kidogo achana nayo hata wakikupa kwa bei ya mbuzi. Mi nilichukua moja nikabadili shokapu na rimu ya mbele, kutoka Ujiji hadi mjini inavuta kushoto tu, kumbe chesisi (fremu yenyewe) imepinda. Pitisha kamba pembeni ya matairi yote mawili uone kama yamenyooka. Halafu linganisha namba za injini na chesisi na zile za kwenye kadi ya pikipiki, na uhamisho wa umiliki TRA (mamlaka ya mapato) mfanye muuzaji akiwepo, akishashika hela simu haipatikani. Kwani anataka ngapi?