Kutengeneza mvinyo chuoni Dodoma: anzeni na zabibu, anzeni na sabuni

Kila bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, likiingia, kuna wanafunzi wawili watatu wananitafuta. Wamesikia kwamba tukiwa chuo tulikuwa na kikundi cha kutengeneza mvinyo na pombe kwa mikono yetu, na wao wanataka chao. Swali la kwanza huwa ni mashine: zinauzwa wapi, shilingi ngapi? Nawajibu kwamba mashine hamna haja nayo. Mnachohitaji ni chumba, ndoo, daftari, na walau mtu mmoja asiyekunywa kabisa.

Hapo huwa wanacheka, lakini sitanii. Mtunza hazina wetu alikuwa Mlokole. Hakuwahi kuonja hata tone, alichopenda ni kemia. Ndiye aliyekuwa anapima sukari, anaandika joto la ndoo, na anakataa kutoa hela ya nyama choma kwenye mfuko wa kikundi. Vikundi vyote nilivyoviona vikifa haraka vilikosa mtu wa namna hiyo. Vilijaa wanywaji watupu, na mnywaji hana subira ya kungoja kitu kichachuke wakati baa iko mtaa wa pili.

Kabla ya ndoo, ruhusa. Vyuo vingi haviruhusu pombe hosteli, kwa hiyo someni kanuni za chuo chenu na msijidanganye kwamba kitu kinachochachuka chini ya kitanda hakitanuka. Kinanuka, korido nzima. Sisi tulitafuta mlezi, mhadhiri anayefundisha mambo ya usindikaji wa vyakula, tukaandika katiba ya ukurasa mmoja, tukapanga chumba nje ya chuo. Ng'ong'ona na mitaa mingine jirani na chuo kuna vyumba tele vya wanafunzi. Tafuteni chenye sakafu ya saruji, bomba karibu, na mwenye nyumba mliyemweleza ukweli. Mama mwenye nyumba akigundua mwenyewe, siku hiyo hiyo mnatolewa na ndoo zenu kichwani.

Katika katiba wekeni mambo matatu msiyoyalegeza. Mwanachama awe ametimiza miaka 18. Hatuuzi. Hatupiki gongo. La kuuza watu wanalibishia sana: "Si chupa mbili tu za mahafali?" Ukishauza umeingia kwenye leseni chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na mvinyo wa chupa unadaiwa nembo ya ubora ya TBS na stempu za TRA. Kikundi cha wanafunzi hakiyawezi hayo, na hakina haja nayo. Gongo ndiyo kabisa: ni haramu kisheria, na mtu anayekamua mvuke kwa mapipa ya kuokoteza anacheza na macho ya wenzake.

Sasa kwa nini zabibu? Kwa sababu mko Dodoma, jamani. Mwenzenu wa Mwanza akitaka kutengeneza mvinyo anahangaika na mananasi au rozela, wakati ninyi mna Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na Chinangali. Wamisionari walipanda mizabibu Bihawana zamani, na leo kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kinashughulika na zao hilo hilo. Zaidi ya hapo, zabibu haihitaji kupikwa wala kufanyiwa kimea. Ina sukari, ina maji, ina asidi, na ganda lake limebeba chachu ya asili. Kwa mtu anayejifunza hakuna darasa rahisi kuliko hilo.

Lakini ijueni kalenda. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka: kuanzia Februari kuelekea Aprili, halafu Agosti na Septemba. Zabibu za Agosti zimeivia kiangazi, kwa hiyo ni tamu zaidi na hazina kuoza kwingi. Bahati mbaya ndipo vyuo vimefungwa. Za Februari zimenyeshewa, nyingine zimejaa maji na ukungu, ila ndizo zinazowakuta chuoni. Kwa hiyo kikundi cha chuo kinajifunzia kwenye zabibu ngumu zaidi, na mkiziweza hizo, za Agosti zitawaonea huruma.

Nendeni shambani wenyewe, tena asubuhi. Msinunue zile za barabarani zilizokwishapigwa jua siku nzima. Mkifika, msianze na bei. Salamu ya Kigogo kwanza: "Mbukwenyi", halafu za nyumbani, halafu za mvua. Wakulima wa zabibu wa hapa wamechoka na watu wanaokuja na mizani na haraka. Mzee mmoja wa Hombolo tuliyekuwa tunanunua kwake alikuwa anatupa kwanza zabibu chache mkononi na kutuambia tutafune mbegu. "Ikiwa kijani na inakwaruza ulimi, rudini wiki ijayo, wanangu. Ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga, leteni ndoo." Kisha muulizeni amepulizia dawa lini. Msimu wa mvua magonjwa ya ukungu yanasumbua na dawa inapigwa mara kwa mara. Zabibu iliyopigwa juzi si ya kukamua leo. Mzee mwaminifu atakwambia, na atakuonyesha mstari upi haujaguswa karibuni.

Kilo 30 hivi zitawapa karibu lita 20. Inatosha kabisa kwa mwanzo. Mkizidisha, hamtaweza kuhudumia.

Usiku wa kwanza wote ni wa kuosha. Nasema wote. Ndoo, mikono, kisu, kitambaa, mpira, kifuniko. Sabuni isiyo na harufu, maji ya moto, suuza mara nyingi. Ndoo iwe ya plastiki ya kuwekea chakula. Dumu la mafuta ya kula haliachi harufu hata ulisugue na mchanga, na dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba lisikanyage chumba hicho hata likiwa tupu. Sufuria ya alumini nayo hapana, asidi ya zabibu inaila. Chuma chenye kutu ndiyo usiseme. Mkipata metabisalfaiti kwa wauza kemikali za vyakula, itawasaidia kusafisha vyombo na kutunza mvinyo. Mwombeni mlezi awaelekeze kiasi, kwa sababu hesabu yake ni ya miligramu na haitaki "kidogo tu".

Chambueni punje mbovu, toeni vikonyo kwa sababu vinaleta uchungu, kisha pondeni kwa mikono hadi ganda lipasuke bila kusaga mbegu. Msijaze ndoo, acheni robo yake wazi, la sivyo mtaukuta mvinyo sakafuni. Pimeni sukari kwa haidromita, kijiti cha kioo kinachoelea, si ghali. Zabibu za mvua zinaweza kusoma 18 kwa mia. Mkitaka mvinyo unaokaa, tafuteni kama 22, ambayo itawapa kilevi cha 12 hadi 13 kwa mia. Tofauti hiyo kwa lita 20 ni sukari ya kama kilo moja tu. Wengi humwaga kilo tatu kwa matumaini ya kilevi kikali, chachu inazidiwa, mnabaki na sharubati inayowasha koo.

Chachu ya mvinyo ikipatikana, itumieni. Hamira ya mkate inafanya kazi, sitawadanganya, ila ladha yake utaijua: mvinyo unanuka unga.

Adui mkubwa wa Dodoma ni joto. Chumba cha bati mchana wa Februari ni tanuri, na chachu yenyewe ikifanya kazi inazalisha joto lake. Ndoo ikivuka nyuzi 35 chachu inachoka na kufa, sukari inabaki, na bakteria wa siki wanapata nafasi. Dawa yake ni gunia. Lowesha gunia la katani, vika ndoo, iweke kwenye saruji karibu na dirisha. Upepo wa Dodoma, ule unaotujaza vumbi machoni, unalikausha gunia na kuchukua joto. Mtunza hazina wetu alipima: ndoo yenye gunia ilikuwa chini kwa nyuzi kadhaa kuliko ya jirani yake isiyo nalo.

Siku ya pili au ya tatu maganda yanapanda juu na kufanya kofia nene. Hiyo kofia lazima izamishwe, asubuhi, mchana na usiku, kwa kijiko kikubwa cha mbao kilichochemshwa. Ikiachwa inakauka, inzi wadogo wanakuja, na siki haiko mbali. Hapa ndipo kikundi kinapojulikana. Tulipanga zamu, na ya asubuhi ilikuwa saa kumi na mbili kabla ya kipindi cha kwanza. Katika wiki hiyo moja nusu ya wanachama waliyeyuka. Wengine walituma ujumbe kwamba wanaumwa, wengine hawakutuma chochote. Msiwafuate. Waliobaki ndio kikundi, na ndio pekee watakaokuwa na neno siku ya kuonja.

Mapovu yakipungua, baada ya kama wiki, kamueni kwa kitambaa cheupe kipya na muhamishie kwenye dumu safi la shingo nyembamba. Tobo la kifuniko pitisheni mpira mpya wa dripu kutoka duka la dawa, ncha ya pili iingie kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa haiingii. Msifunge dumu kabisa wakati bado linachemka, na msijaze chupa za kioo mpaka haidromita isome namba ile ile kwa wiki kadhaa. Chupa iliyofungwa ikiwa na sukari ndani inalipuka, na vioo vyake havichagui.

Baada ya hapo ni kungoja na kuhamisha. Mashapo yakituama, vuteni mvinyo juu yake taratibu. Miezi mitatu ni michache, sita ni mizuri.

Wakati mkingoja, ndipo mwende kwa akina mama wa pombe za kienyeji. Wagogo wana ujimbi wa nafaka, na ujuzi wake uko mikononi mwa wanawake ambao hawakuuandika popote. Msiende kama watalii. Nendeni na mtama wenu, sukari na majani ya chai, na mlipe siku ya mama. Aliyetufundisha, kule upande wa Nzuguni, alipima joto la uji kabla ya kutia kimea kwa kuchovya kidole mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Haya, leteni." Mwenzetu akachomeka kipimajoto: 64. Ni pale pale ambapo vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari bila kuungua. Mama aliangalia kile kipimajoto, akauliza kina kazi gani.

Mambo mawili ya nafaka yaandikeni kwa wino mwekundu. Mtama ukichipua, vichipukizi na mizizi yake vina sumu ya sianidi. Ukishaanikwa ukakauka, sugueni na kupepeta mpaka vitoke vyote. La pili ni sumukuvu. Kuna wanaodhani nafaka iliyoota ukungu "itafaa kwa pombe". Haifai. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na familia zao bado zipo. Mtama au mahindi yenye ukungu yatupwe, hata kama yalikula nusu ya bajeti.

Siku ya kuonja, wekeni glasi ndogo zenye namba bila majina, kila mtu aandike kwanza ndipo aongee. Bila hivyo mwenye sauti kubwa ndiye atakayeamua. Pikeni ubwabwa, watu wale kwanza. Anayekuja na pikipiki haonji, na asiyekunywa kwa sababu ya dini au dawa apewe juisi ya zabibu zile zile bila kuulizwa maswali. Mimi binafsi napenda mvinyo mkavu, lakini kwetu watu wengi wamezoea mtamu, na mtabishana hapo hadi jua lizame. Ule uliogeuka siki usimwagwe. Kachumbari ya mwaka mzima hiyo.

Michango kusanyeni wiki ya bumu, si baada yake. Nunueni vyombo viwe mali ya kikundi, viandikwe kwa rangi isiyofutika, kwa sababu ndoo nzuri ina tabia ya kuhama na mtu akimaliza chuo. Kabla ya likizo ndefu ya Julai chagueni wawili wanaobaki Dodoma wakabidhiwe ufunguo, daftari na madumu. Hao ndio watakaopata zabibu za Agosti kwa niaba yenu. Na viongozi wapya wachaguliwe mapema, wanunue vyombo Januari. Februari ikifika, UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, za muhula wa kwanza nazo zinaweza kuangukia humo humo, kwa hiyo ratiba ya zamu ipangwe mkiwa na ratiba ya mitihani mezani, aliye na mtihani asubuhi apewe kofia ya usiku.