Barua kwa mwanangu: Kwa nini tulivunja uhusiano na Uingereza

Mwanangu Neema,

Huku hatujambo, na mguu wa bibi yako unaendelea vizuri. Juzi simu ilikatika nikiwa sijakujibu. Uliuliza Tanzania, nchi yenye umri wa miaka minne, ilipata wapi ubavu wa kuvunja uhusiano na Uingereza mwaka 1965 kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), nchi ya watu wengine. Ukasema ilikuwa hasara tupu.

Hasara ilikuwepo, sikatai. Mkopo wa pauni milioni 7.5 kutoka Uingereza ulizuiwa. Tena mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ilikuwa imeshakata msaada wake wa kijeshi, kisa tumeiruhusu hasimu wake, Ujerumani Mashariki, kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Usidhani hakuijua bei.

Lakini tazama tarehe, mama. Novemba 11, Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, alijitangazia uhuru wa walowezi wachache juu ya mamilioni ya Waafrika. Rhodesia ilikuwa koloni la Uingereza, na London ilikwishasema haitatumia jeshi. Desemba mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakaazimia Addis Ababa: Smith asipokuwa amezimwa kufikia tarehe 15, kila mwanachama avunje uhusiano na Uingereza. Siku ilipofika tukavunja. Ghana nayo ikavunja, na nyingine chache. Nchi nyingi zilikaa kimya, ilhali azimio lilikuwa la wote. Mimi hilo la kukaa kimya ndilo naliita hasara.

Na sisi tungenyamazaje? Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Wapigania uhuru wa Msumbiji na wa Afrika Kusini walikuwa wageni wetu, wanatutazama.

Uhusiano ulirudi 1968, Smith bado yuko madarakani. Hapo una haki: kuvunja kwetu hakukumng'oa. Waliomtikisa ni vijana waliobeba silaha miaka iliyofuata, hadi Zimbabwe ikapatikana Aprili 18, 1980. Wengi wao walifunzwa hapahapa kwetu, kambi ya Mgagao, Iringa. Bibi yako aliwaona. Anasema walikuwa wembamba, wadogo kuliko wewe ulivyo sasa, na jioni nyimbo zao zilisikika hadi barabarani. Ukija likizo mkalishe jikoni akusimulie, maana mimi hanimalizii.

Baba yako