Maswali ya Wasomaji: Maisha Nimeyakabidhi, Mizani Imebaki Kwangu

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni baba wa watoto watatu. Nanunua viazi mviringo huko Kikondo na Igoma na kuvishusha Uyole, ambako vinapakiwa kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam. Nimeongozwa sala ya toba mara nne katika mikutano ya injili. Kila mara nalia kwelikweli na kusikia mzigo umenitoka, lakini baada ya wiki mbili tatu ile amani inaondoka, nami nabaki nikijiuliza kama maisha yangu niliyatoa kweli au nilitikiswa tu na kwaya. Mke wangu, ambaye aliokoka kabla yangu, anasema tatizo ni lumbesa. Mimi nanunua kama wenzangu wote wanavyonunua: gunia linajazwa, linaongezewa kilemba, linafika kilo 130, na mkulima analipwa gunia moja. Simlazimishi mtu. Je, Mungu anaangalia gunia au anaangalia moyo?
Mfanyabiashara, Uyole

JIBU: Amina, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nilipoimaliza nilipata wazo lile lile, kwamba mtu anayeuliza juu ya moyo wake halafu akataja uzito wa gunia hadi kilo ya mwisho amekwisha kujua jibu liko wapi.

Hata hivyo, machozi yako siyadharau, na wewe usiyadharau. Wapo watumishi wanaocheka watu wanaotoka mbele mara ya tatu na ya nne, kana kwamba toba ni chanjo ya kuchomwa mara moja. Mimi si mmoja wao. Kilichokuwa kinakutokea pale uwanjani kilikuwa cha kweli, ila kilikuwa mwanzo wa makabidhiano, nawe ulirudi nyumbani ukidhani yamekamilika.

Neno hili makabidhiano unalifahamu vizuri. Katibu wa kijiji au mweka hazina wa chama cha akiba anapoondoka, anakaa mezani na yule anayempokea, anatoa daftari la fedha, muhuri, funguo na orodha ya mali, kimoja baada ya kingine, kisha wote wawili wanatia sahihi. Akitoa vyote hivyo lakini akabaki na ufunguo wa kabati moja mfukoni, hakuna atakayesema ofisi imekabidhiwa, hata kama alitoa hotuba ya kuaga iliyowaliza watu wote. Nawe, kwa jinsi ulivyoandika, umemkabidhi Bwana pombe, umemkabidhi ndoa yako, umemkabidhi Jumapili, lakini ufunguo wa biashara bado unao. Kama nimekosea katika hivyo vya kwanza, nisamehe. Katika hicho cha mwisho sidhani kama nimekosea.

Nimewahi kusimama pembeni ya barabara asubuhi ya mwezi wa Julai, ukungu haujaondoka, nikaangalia gunia la viazi likifungwa. Kwanza lilijazwa hadi mdomoni na kutikiswa ili viazi vishuke. Halafu kipande cha gunia jingine kikashonewa juu kwa shazia na kamba, kikajazwa nacho, kiazi kwa kiazi, kwa mkono, hadi kikachongoka kama kilemba. Mama aliyelima viazi vile alikuwa amekaa juu ya jembe lake, khanga kichwani, akitazama bila kusema neno. Unaandika kwamba humlazimishi mtu, na ni kweli kwamba hukumshika mkono. Lakini viazi vikishachimbwa na kukaa juani vinageuka kijani, ada ya shule inadaiwa, na Fuso iko pale inanguruma. Ukubali wa mtu wa namna hiyo usiuite mapatano.

Tupige hesabu yako mwenyewe. Kanuni za vipimo za nchi yetu zimeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao. Ukinunua magunia 40 ya kilo 130, umechukua kilo 1,200 ambazo hukuzilipia, yaani magunia 12 kamili kwa safari moja. Hilo si jambo dogo ambalo sheria za wanadamu zimelikuza. Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, na Mithali 11:1 inasema, “Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.” Maandiko hayatofautishi gunia na moyo kama unavyotaka yatofautishe. Paulo, katika Warumi 12:1, angeweza kuandika “itoeni mioyo yenu”, na sote tungefurahi kwa kuwa moyo hauonekani. Aliandika, “itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai,” na mwili ndio unaoshika shazia.

Mtu wa kumtazama katika habari yako ni Zakayo, Luka 19. Angalia mpangilio wa mambo, kwa sababu wahubiri wengi wanaupita haraka. Zakayo hakulipa kwanza ndipo Yesu akaingia kwake. Yesu alijialika mwenyewe, Zakayo akashuka mtini, akamkaribisha kwa furaha. Msamaha haununuliwi, hata kwa viazi. Lakini mara furaha ilipoingia, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye daftari: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemnyang'anya kwa hila atarudishiwa mara nne. Kwa kawaida torati ilidai mwenye kukiri kosa arudishe mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano, kama tusomavyo katika Hesabu 5. Mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza, Kutoka 22. Zakayo alijipimia kwa kipimo cha mwizi wa kondoo, wala hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Na kwa kuwa unaishi katika nchi hii ya Mbeya, nikukumbushe jambo moja la wale walioleta injili Rungwe mwaka 1891. Kanisa lao la Moravian linaikumbuka tarehe 13 Agosti 1727, siku ambayo wakimbizi wa Herrnhut, huko Ujerumani, walishiriki Meza ya Bwana wakaguswa kwa namna iliyobadili maisha yao, hata miaka mitano baadaye wakaanza kutuma wamisionari ng'ambo. Siku hiyo inahubiriwa sana. Haihubiriwi sana tarehe 12 Mei ya mwaka ule ule, ambapo watu hao hao, waliokuwa wamegombana hadi wakachokana, waliahidiana mbele ya bwana wa shamba walilokuwa wakiishi, Zinzendorf, kuzishika kanuni za namna ya kuishi pamoja kama majirani. Kanuni zilitangulia, machozi yakafuata miezi mitatu baadaye. Wewe umekuwa ukianza na machozi na kungoja kanuni zijilete zenyewe. Hata walokole wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki walijulikana vijijini kwa jambo hili hili: watu walirudisha walivyoiba, mchana kweupe, aibu na yote.

Sasa ufanye nini? Daftari la manunuzi unalo, kwa sababu hakuna mfanyabiashara wa viazi asiye nalo. Lifungue pamoja na mke wako, muone ni wakulima gani wa msimu huu mnaowafahamu kwa majina na nyumba. Waendee. Si lazima uhubiri. Mwambie mtu kwamba magunia yake yalizidi na kwamba umeleta tofauti, au kama fedha hazipo, kwamba utaifidia kidogo kidogo katika manunuzi yajayo, na uiandike mbele yake. Kwa wale usiowakumbuka tena, Hesabu 5:8 inaruhusu kilichotakiwa kurudishwa kitolewe kwa Bwana pale asipopatikana jamaa wa kukipokea. Lakini usikimbilie njia hiyo kwa sababu ni rahisi zaidi: mkulima wa Igoma ambaye nyumba yake unaijua halipwi deni lake kwa bahasha ya sadaka Uyole, na mchungaji wako asikubali kuipokea. Kisha safari ijayo nenda na mizani, pima mbele ya mwenye mali, ulipe kwa kilo.

Utasema wenzako watakucheka, mteja wa Dar es Salaam ataendelea kudai kilemba, na mkopo wa kikundi utakushinda. Inawezekana kabisa. Sikuahidi kwamba faida itaongezeka, na yeyote atakayekuahidi hivyo anakuuzia kitu. Yule mtu tajiri wa Marko 10 aliondoka kwa huzuni, na Yesu, ambaye tunaambiwa alimpenda, hakumkimbilia kumpunguzia sharti. Unaweza kuanza na gari nusu, au kuungana na mwenzako mmoja mwenye dhamiri kama yako, au kuhamia zao jingine. Hayo ni mambo ya biashara ambayo wewe unayajua kuliko mimi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba amani uliyoikosa mara nne usiitafute katika mkutano wa tano kabla hujapita Kikondo.

Na umshukuru mke wako. Nadhani amelisema hili kwa muda mrefu kabla hujaniandikia.

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Ninasoma mwaka wa pili chuoni hapa Iringa. Nina kifafa tangu nikiwa darasa la tano, na dawa zimenisaidia kiasi kwamba sijaanguka kwa zaidi ya mwaka. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anasema kwamba anayemeza dawa hajajisalimisha kwa Mungu kikamilifu, na kwamba nipande mbegu, yaani nitoe sadaka, ya boom langu lote (fedha za kujikimu chuoni) la muhula huu kama ishara ya kujitoa. Naogopa kumkatalia Mungu.
Binti wa Iringa

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usiache dawa, hata dozi moja. Kuacha ghafla dawa za kifafa kunaweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokatika, na watu hufa kwayo. Kama umekwisha kuziacha, liweke gazeti hili chini uende kwa daktari wako leo.

Ukirudi, soma Mathayo 4. Shetani alimsimamisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua, tena akanukuu zaburi. Kwa macho ya haraka, kujitupa kule kungeonekana kuwa ndiyo imani kamili, kujiachilia kwa Baba bila kubakiza kitu. Yesu alisema kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu, akabaki amesimama alipo. Kwa hiyo kuna kujiachilia kunakotoka kwa Mungu na kuna kujiachilia anakokupendekeza mwingine, na vyote viwili huja na mstari wa Biblia mkononi. Paulo yule yule aliyeandika kwamba si yeye tena aishiye bali Kristo alisafiri na Luka, tabibu mpendwa, na akamwagiza Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia kwamba tumbo lake lina upungufu wa imani.

Kuhusu fedha, katika Matendo 5 Petro anamwambia Anania waziwazi kwamba shamba lilipokuwa kwake lilikuwa mali yake, na hata baada ya kuliuza, fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake lilikuwa uongo. Sadaka inayodaiwa kwa vitisho haina mfano katika sura hiyo wala katika mafundisho ya mitume. Boom umepewa ule, ulipe chumba na usome. Umeandika kwamba unaogopa kumkatalia Mungu, lakini anayekudai ni mtu, na nadhani ana namba ya kutumiwa fedha. Mkatalie. Kisha umweleze mzazi wako au mchungaji wa kanisa lenu yaliyotokea, kwa kuwa si ajabu kuna wenzako katika kikundi hicho wanaoambiwa maneno hayo hayo kwa siri.

SWALI: Mchungaji, mimi ni bibi wa Makete. Nilibatizwa nikiwa mtoto, nikapata kipaimara, na kanisani sikuacha kwenda. Wajukuu zangu wamerudi kutoka mjini wanasema sijaokoka, kwa sababu siwezi kuitaja siku niliyompa Yesu maisha. Wanataka nirudie sala yao, lakini wanaisema kwa Kiswahili cha haraka, nami napotea njiani. Je, siku ni lazima? Na je, naweza kuomba kwa Kikinga?
Bibi wa Makete

JIBU: Shikamoo, bibi. Siku si lazima. Paulo aliijua yake, njia ya Dameski, karibu na adhuhuri, lakini kwa Timotheo haikuandikwa siku yoyote. Kilichoandikwa, 2 Timotheo 1:5, ni kwamba imani yake ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi. Waonyeshe wajukuu mstari huo, kwa upole, maana wanakupenda na hofu yao juu yako ni ya kweli.

Wakiendelea kukusihi, usikatae kuomba pamoja nao. Chukua maneno ya Zaburi 31 ambayo Bwana wetu aliyasema msalabani, kwamba roho yake anaiweka mikononi mwa Baba. Ni mafupi, hayahitaji kufuatishwa, na unaweza kuyasema kila usiku kabla ya kuzima taa. Na ndiyo, yaseme kwa Kikinga.