Jibu: PS4 inajizima kwa joto, nihamie kompyuta?

Ndugu yangu wa Makorora, umeuliza kama uuze PS4 (konsoli, yaani mashine ya gemu, ya PlayStation 4) inayojizima ukicheza gemu la mpira, ununue kompyuta. Usiiuze kwanza. Joto halichagui mashine. Ila kompyuta ya mezani unafungua ubavu, unabadilisha feni, kazi inaendelea. Konsoli kila kitu kimebanwa kwenye boksi dogo. Xbox 360, konsoli ya Microsoft, ilituonyesha ubaya wake: kupata moto na kupoa kila mara kulipasua lehemu ndani ya chipu, zikawaka taa tatu nyekundu, na mwaka 2007 Microsoft ikaongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1.

Yako nadhani ni vumbi tu. Tanga hapa upepo wa bahari una chumvi na unyevu, vumbi likiingia linaganda kwenye mapezi ya kupozea mpaka hewa haipiti. Mpe fundi aifungue, apulize kwa blowa huku ameishika feni isizunguke, afute pasta ya kupitisha joto iliyokauka juu ya chipu kuu, apake mpya. Halafu itoe kwenye kabati la tivii, tafadhali! Ikijizima tena, kagueni pawasaplai (kifaa cha ndani kinachoipa umeme) kabla hujatoa hela ya kompyuta.