Uvimbe umetoka, vidonge vya nini tena?

Dada mmoja wa Pongwe ameniandikia. Katolewa uvimbe wa saratani ya titi, kidonda kimepona, sasa mama mkwe anamshikilia aache tamoksifeni, vidonge vya kuzuia saratani hiyo isirudi, kwa kuwa "inakausha uzazi". Mdogo wangu, maneno hayo nimeyasikia hapa Ngamiani hadi yakanichosha. Wifi yangu alivitupa vidonge vyangu jaani mbele ya wageni, akaniletea maji ya mlonge. Mpaka leo salamu zetu ni za msibani tu, na wala sijuti.

Nilikotibiwa mwanzo nilipewa dawa bila neno. Aliyenifungua macho ni muuguzi wa kliniki nyingine, mama mtu mzima asiye na haraka. Alinieleza hivi.

Estrojeni, homoni ya kike, husambaa na damu mwili mzima, lakini huitikiwa na seli zenye vipokezi vyake tu. Vipokezi ni protini, na vingi vimo ndani ya kiini cha seli. Estrojeni huyeyuka katika mafuta, basi utando wa seli inaupita bila hodi. Ikinasa kwenye kipokezi, kipokezi hubadilika umbo, huungana na mwenzake, viwili hivyo hushika DNA na kuwasha jeni. Seli ya titi huamriwa kugawanyika, na saratani nyingi za titi huishi kwa amri hiyohiyo. Elwood Jensen wa Chicago ndiye aliyevigundua vipokezi hivyo mwishoni mwa miaka ya 1950; aina ya pili, beta, ilijulikana 1996.

Tamoksifeni haimalizi estrojeni. Ni abiria aliyewahi kiti cha daladala: estrojeni inapanda, haina pa kukaa. Ila ina vituko vyake. Kwenye titi huzuia, kwenye mfupa na mji wa mimba hufanya kazi kama estrojeni yenyewe. Damu ikikutoka ovyo ukeni, usione haya, wahi kliniki. Na joto la ghafla lipo; kaskazi ya Tanga cha mtoto.

Kwa hiyo dai majibu ya kipimo cha vipokezi vya uvimbe wako. Dai! Yakiwa chanya, vidonge kwa kawaida ni miaka 5, wengine hufika 10. Yakiwa hasi, tamoksifeni haitakufaa, usiitamani ya jirani. Usiache dawa kwa neno la mtu wa sebuleni. Mama mkwe akitaka mjukuu, aje nawe kliniki aelezwe mwenyewe: muda wa kuzaa hupangwa na daktari, lakini mimba haibebwi huku unameza tamoksifeni, kwani inaweza kumdhuru mtoto tumboni.